Madamu Sabine na Uzi wa Vifungo

Katika gereza la zamani la Dzaleka, nchini Malawi, kulikuwa na chumba kirefu ambacho wafungwa walikitumia kama karakana. Madirisha yake yalikuwa madogo, yamewekwa juu karibu na paa, ili mfungwa apate mwanga wa kufanyia kazi lakini asipate barabara ya kutazama. Wafungwa walipoondolewa na mahali hapo wakapewa wakimbizi, hakuna aliyejisumbua kuyashusha madirisha. Basi mwaka wa 1995, akina mama vijana ishirini na wawili walipokuwa wakikusanyika humo kila Jumanne na Alhamisi kujifunza cherehani na malezi, walisikia kila kilichopita nje bila kukiona. Walisikia baiskeli, walisikia mbuzi, na kila Jumanne karibu na adhuhuri walisikia honi ya lori lililoleta wakimbizi wapya kutoka Karonga, mpakani na Tanzania.

Mwalimu wao aliitwa Sabine, nao walimwita Madamu. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mitano, mzaliwa wa Bukavu, aliyefundisha shule ya msingi kwa miaka kumi kabla ya mumewe Christian kukosana na wanajeshi na wote wawili kulazimika kuihama Zaire na sanduku moja. Alipenda mambo yaliyonyooka. Kitambaa chake cha kichwa hakikupinda, saa yake haikuchelewa, na naamini hata ndoto zake zilimjia kwa zamu. Lakini roho yake ilikuwa njema, na mwenye kusoma habari hizi asiharakishe kumchukia.

Mwezi wa Machi shirika lililomwajiri lilimpeleka Lilongwe kwa kozi ya wiki mbili juu ya malezi ya vijana. Huko alikutana na nadharia iliyomkaa kama gauni alilopimiwa. Mkufunzi aliwaeleza kwamba mambo ya moyoni hayaonekani wala hayapimiki, kwa hiyo mlezi asipoteze muda kuyapekua. Atazame matendo. Tendo jema litunzwe papo hapo, nalo litarudi. Tendo baya lisitazamwe, nalo litakufa lenyewe kwa kukosa mlo. Aliwasimulia habari za njiwa aliyefunzwa kudonoa kibao kwa kupewa punje kila alipokidonoa. Aliwafundisha pia kuvaa ukanda mwembamba wa mpira mkononi na kujichapa nao kila wanapojikuta wanawaza lisilofaa. Sabine alirudi Dzaleka na mpira mwekundu mkononi. Kila alipoikumbuka nyumba ya mama yake kule Kadutu, Bukavu, alijichapa mara moja, kisha akaendelea na kazi.

Jumanne iliyofuata alisimama mbele ya darasa na mkebe wa vifungo vya nguo. Alikuwa ameviomba kwa Gélase Hatungimana, fundi cherehani Mrundi aliyewafundisha kukata vitambaa.

"Sikiyeni, bamama," alisema kwa Kiswahili cha Bukavu, ambacho "njo" ni "ndiyo" na "ule" ni "yule". "Mkono mtupu haulambwi, si njo vile? Ule anakuya kwa saa, anapata kifungo. Ule anamaliza kazi yake, kifungo. Ule mtoto wake iko safi, kifungo. Vifungo kumi, njo kipande cha sabuni."

"Na ule anakosa, Madamu?" aliuliza Olga, msichana wa Bukavu ambaye ulimi wake haukujua siku ya mapumziko.

"Ule anakosa hatumugombeze. Hatumuangalie tu. Hata mutu asimuseme."

Kila mama akapewa uzi wake, ukatundikwa ukutani kwenye msumari chini ya jina lake. Wengi walicheka. Hata hivyo sabuni ilikuwa adimu, na kwa muda wa majuma mawili darasa lilibadilika hata mimi ningeshangaa. Waliochelewa wakawahi. Watoto wakang'aa. Sabine akaona kwamba aliyoambiwa Lilongwe si porojo.

Ni mmoja tu aliyemshinda. Huyo aliitwa Dévote Irangabiye, Mrundi wa miaka kumi na tisa kutoka Ruyigi, mwenye mtoto wa kiume wa miaka miwili aliyeitwa Butoyi. Sabine aliliandika jina la mtoto huyo daftarini mara mbili kila juma, kwa mwandiko mzuri, wala hakuuliza lolote juu yake. Aliyepata kuishi na Warundi amekwisha kuelewa. Kwao pacha hawachaguliwi majina. Anayetangulia kuzaliwa ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi, wawe wa tajiri au wa fukara. Hakuna Butoyi asiye na Bukuru wake. Warundi wote mle chumbani walijua hivyo tangu siku ya kwanza, wakanyamaza, maana kwao jeraha la mtu haliguswi ovyo. Isitoshe, walidhani Madamu, mwanamke msomi, anajua kama wao.

Bukuru alipotea wakati wa machafuko ya Burundi, Novemba 1993, akiwa na miezi mitano. Baba yake alikuwa amekwisha kuuawa. Walikimbia asubuhi, Dévote akiwa na Butoyi mgongoni na mama yake Dévote akiwa na Bukuru. Kwenye kivuko cha mto Malagarasi watu walisukumana, na mtu na mama yake wakatengana. Dévote alingoja ng'ambo ya pili kwa siku nne, akikagua kila mgongo uliopita. Kambini Tanzania alitafuta mwaka mzima, hadi mtu mmoja alipomwambia kwamba alimwona bibi mwenye mtoto akipanda gari la watu waliokuwa wakielekea Malawi. Huenda alimwona kweli, huenda alitaka kumpoza tu. Dévote alilishika neno hilo kwa mikono miwili akaelekea kusini.

Ndiyo maana kila Jumanne honi ilipolia, aliweka sindano chini, akamfunga Butoyi mgongoni kwa chitenje, kitenge cha Kimalawi, na kutoka. Hakuomba ruhusa. Alisimama getini akamtazama kila aliyeshuka, kisha akarudi mikono mitupu na kuketi palepale. Tena alikuwa na jambo la pili lililomuudhi Sabine. Fundi Gélase alipompa kitambaa cha kushona shati moja la mtoto, Dévote alikigawa na kushona mashati mawili madogo ambayo hayakumtosha hata Butoyi.

"Dévote, hii kitambaa njo ya mtoto moja," Sabine alimwambia siku moja. "Unaiharibu."

Dévote aliinamisha kichwa. Kwa pacha hutoi kimoja. Ukitoa kimoja umemkana mwingine, na anayekanwa hukonda. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na mama yake alifundishwa na bibi yake. Fundi Gélase, aliyekuwa karibu, alikohoa, akageuka kutafuta mkasi ambao alikuwa ameushika mkononi.

Sabine aliandika daftarini mambo mawili ya kukomeshwa, kwenda getini na kupoteza kitambaa, na akayatibu kwa dawa ya Lilongwe. Dévote alipotoka, hakuna aliyetakiwa kugeuka. Aliporudi, hakuna aliyetakiwa kumuuliza kitu. Akaketi katikati ya wenzake ishirini na mmoja kana kwamba hayupo, huku Sabine akipita na mkebe na kuwapa wote vifungo isipokuwa yeye. Wanawake wa Kirundi walitazama sakafu. Nasema wazi kwamba lilikuwa jambo la kikatili, ingawa aliyelifanya aliamini anaganga. Majuma sita yalipita, na uzi wa Dévote ukabaki na vifungo vitatu.

Mwezi wa Juni shirika lilileta habari mpya. Lilikuwa limepata nafasi moja ya mafunzo ya ushonaji ya miezi mitatu katika nyumba moja huko Area 47, Lilongwe, pamoja na chakula na malazi kwa mama na mtoto wake. Anayemaliza angepewa cherehani yake mwenyewe. Sabine alitangaza kwamba nafasi ingekwenda kwa mama ambaye uzi wake ungefika vifungo hamsini kwanza, na kwamba mama huyo angepelekwa kwanza Capital Hill, mbele ya wakubwa wa wizara, akaonyeshwe kama mfano.

Darasa zima lilivuta pumzi. Kwa mtu anayeishi kwa mgao wa mahindi na maharage, cherehani ni shamba, ni ng'ombe, ni mume asiyelewa.

"Lilongwe," Olga alimnong'oneza Dévote, ambaye aliketi karibu naye. "Pale kuna taa mu njia yote. Na kuna biro, banasema, ofisi ya kutafuta batu benye balipotea. Banaandika jina yako, banatuma barua mpaka Tanzania."

Olga alikuwa ameyasikia hayo kisimani na aliyasema kama alivyosema mengine mia siku hiyo. Dévote aliendelea kushona. Lakini jioni alikwenda kwa Mama Nizigama, bibi wa Kirundi aliyekuwa akiuza mandasi, maandazi ya Kimalawi, getini, wakaongea kwa muda mrefu.

Jumanne iliyofuata honi ililia. Sabine hakuinua macho, kama nadharia ilivyomwagiza, ila alitega sikio asikie mkeka ukisogea. Haukusogea. Alipotazama alimwona Dévote ameketi, mikono ameikunja kifuani, macho kwenye kitambaa. Damu kidogo ilikuwa imetoka kwenye kidole chake mahali sindano ilipopitia. Kisha Dévote akashika tena kazi. Sabine alikaribia kulia kwa furaha. Alimpelekea vifungo viwili papo hapo, akamwekea mkono begani.

"Unaona?" alisema. "Njo vile. Umefanya muzuri sana, binti yangu."

"Ego, Madamu," alisema Dévote, akikubali kwa Kirundi.

Siku hiyohiyo Sabine aliona jambo jingine la kumtuza. Butoyi hakuwapo mgongoni. Dévote, ambaye hakuwahi kumwachia mtu mtoto wake, alikuwa amemwacha kwa Mama Nizigama tangu asubuhi. Sabine akaandika kwamba mama sasa anamruhusu mtoto kuzoea watu wengine, akatunga kifungo cha tatu cha siku hiyo. Laiti angetoka nje kidogo. Angemkuta Butoyi amesimamishwa juu ya sanduku kando ya beseni la mandasi, uso umeoshwa na kupakwa mafuta, mahali ambapo kila anayeshuka kwenye lori hana budi kumwona. Dévote hakuwa ameacha kwenda getini. Alikuwa amepeleka uso wa mwanawe umwakilishe, ili bibi wa mtoto huyo akishuka auone, aufananishe na ule aliokuwa nao mgongoni, na asipite.

Hivyo ndivyo zilivyopita Jumanne kumi na moja. Dévote aliwahi kuliko wote. Alishona shati moja kwenye kitambaa cha shati moja. Alijifunza hata kutabasamu alipoitwa jina, maana tabasamu nalo lilikuwa na kifungo chake. Usidhani alifanya hila. Msichana huyo hakuitaka cherehani hata kidogo. Aliutaka mlango mmoja ulioko Lilongwe, na hakuwa na njia nyingine ya kuufikia isipokuwa kupitia ukutani kwa Madamu, kifungo baada ya kifungo. Nyumbani, katika kibanda chake cha turubai, alikuwa akimwimbia Butoyi wimbo wa kubembeleza pacha, akiyataja majina yote mawili kama unavyotakiwa kuimbwa.

Mwezi wa Agosti uzi wake ulifika hamsini. Sabine aliandika ripoti ya kurasa sita, na mbele ya jina la Dévote akaandika: "Tabia ya kwenda getini imekoma. Tabia ya kupoteza vitambaa imekoma. Mhusika amepona." Neno la mwisho alilipigia mstari.

Walikwenda Lilongwe Jumatano kwa gari la shirika, Sabine, Dévote na Butoyi. Capital Hill iliwapokea kwa majengo marefu na nyasi zilizokatwa kama nywele za mwanafunzi. Katika chumba chenye meza ndefu waliketi maofisa watano. Aliyeongoza alikuwa mama wa Kimalawi mwenye miwani, mpole wa sauti. Pembeni yake alikaa mkalimani, Mrundi wa makamo aliyeitwa Bigirimana, aliyekuwa ameishi mjini humo kwa miaka mingi.

Sabine alisoma ripoti yake kwa Kiingereza chake cha kujikaza. Alieleza habari za vifungo, za sabuni, za Jumanne kumi na moja. Maofisa waliandika. Mama mwenye miwani alifurahi, akamtazama Dévote, kisha mtoto aliyekaa mapajani pake akichezea ncha ya chitenje.

"Mwulize mtoto anaitwa nani," alimwambia mkalimani.

"Butoyi," alijibu Dévote kabla ya kutafsiriwa, kwa kuwa swali la jina la mwanawe alilielewa katika lugha yoyote kwa jinsi watu walivyomtazama mtoto.

Bigirimana alitabasamu. Hakungoja ofisa aseme kitu. Alifanya jambo ambalo Mrundi yeyote hulifanya anapotajiwa jina hilo na mtu asiyemfahamu, kama vile unavyomjibu aliyepiga hodi.

"Bukuru ari hehe?" aliuliza. Bukuru yuko wapi?

Kwa miaka miwili hakuna aliyemuuliza. Waliojua walimhurumia, wasiojua hawakujua. Dévote alifungua kinywa, kikakaa wazi. Machozi yakaanza kushuka bila sauti, mengi, yakamlowesha Butoyi kichwani hadi mtoto akainua uso kumtazama. Alipopata sauti hakusema Kirundi. Alisema Kiswahili, ili na Madamu asikie.

"Bwana, hiyo swali njo yenye imenileta hapa," alisema. "Nilishona. Nilinyamaza. Nilijaza uzi ya Madamu ili nifike Lilongwe. Walisema hapa kuna biro ya watu wenye walipotea. Mimi sitaki kitu ingine. Naomba munionyeshe mulango."

Bigirimana aliyatafsiri maneno hayo kwa Kiingereza, sauti yake ikishuka chini kadiri alivyoendelea, na ilibidi aeleze pia habari za majina. Hapo ndipo Sabine alipojua kwamba Butoyi ana pacha. Ripoti ilikuwa bado mikononi mwake. Aliziona herufi lakini hakuweza tena kuzisoma. Alikuwa ameliandika jina hilo mara nyingi kuliko jina la mama yake mwenyewe, na katika mara zote hizo halikumwambia kitu, kwa sababu alikuwa hasikilizi majina, anatazama matendo.

Mama mwenye miwani alivua miwani yake. Alisema kwamba ofisi hiyo ipo, lakini haipo hapo kwao. Iko mjini, karibu na soko. Akamwagiza Bigirimana awasindikize na kikao kikaishia hapo. "Zikomo," alimwambia Dévote mlangoni, kumshukuru kwa Kichewa, akamshika mkono kwa mikono miwili kama mtu anayetoa pole msibani.

Ofisi waliyoitafuta ilikuwa chumba kimoja chenye makabati ya chuma. Karani wake alikuwa kijana mtulivu asiyeahidi asichoweza. Aliuliza jina la mtoto, jina la bibi, mahali walipotengana, nguo walizovaa. Dévote alijibu yote pasipo kusita, hata rangi ya utepe uliokuwa kwenye kofia ya Bukuru.

"Kimo chake cha sasa?" aliuliza karani, kisha akatambua alichouliza, akaweka kalamu chini.

Dévote alimsimamisha Butoyi chini, akamnyoosha mgongo. "Ni hii," alisema.

Karani alichukua utepe wa kupimia. Akampima Butoyi kutoka kisiginoni hadi utosini, akaandika kimo hicho chini ya jina la Bukuru. Butoyi alisimama wima akijisikia mkubwa. Sabine alilazimika kutoka nje.

Karani aliwaambia kwamba barua zingekwenda Tanzania, kwamba majibu huchukua miezi, pengine mwaka, na pengine hayaji. Akipatikana mtu, huletwa kwa kupitia Karonga na kushushwa Dzaleka kwa lori.

"Siku ya Jumanne," alisema Dévote.

"Siku ya Jumanne," alikubali karani.

Area 47 ilikuwa na nyumba nzuri zenye bustani. Nyumba ya mafunzo ilikuwa na cherehani nane kando ya dirisha kubwa, na kitanda cha mama na mtoto kilikuwa kimekwisha kutandikwa shuka safi. Mwenye nyumba aliwakaribisha kwa nsima, yaani ugali, na mboga ya maboga. Dévote alikula, akashukuru, akamwosha Butoyi mikono. Kisha akachukua kifurushi chake na kurudi kusimama kando ya gari.

"Dévote, unafanya nini?" aliuliza Sabine. "Hii njo nafasi yako. Ulifanya kazi miezi mingi juu ya hii."

"Hapana, Madamu. Mumupe Olga. Yeye anapenda taa." Alimpandisha Butoyi mgongoni, akakaza chitenje. "Hapa lori haifiki."

Katika siku nyingine Sabine angekuwa na mengi ya kusema juu ya cherehani, juu ya kesho ya mtoto, juu ya bahati isiyorudi mara mbili. Angeyasema vizuri, na mengine yangekuwa kweli. Siku hiyo alifungua mlango wa gari, akaketi kiti cha nyuma pamoja na Dévote badala ya mbele pamoja na dereva, na walipoliacha jiji nyuma yao akauliza swali ambalo alipaswa kuliuliza tangu mwanzo.

"Bukuru iko namna gani?"

Msichana ambaye kwa miezi minane alikuwa amesema "Ego, Madamu" na mengine machache, aliongea toka Lilongwe hadi njia panda ya Dowa. Alisema kwamba Bukuru alizaliwa akilia na Butoyi akazaliwa kimya, akisikiliza. Alisema kwamba Bukuru alipenda kushikwa sikio ndipo asinzie. Alieleza habari za mama yake, anavyotembea upesi, jinsi yeye Dévote alivyomwambia pale kivukoni apunguze mwendo, na mama akajibu kwamba watakutana ng'ambo. Sabine alisikiliza tu.

"Mi pia nina mama," alisema baadaye, akitazama nje. "Kule Kadutu. Sijui kama iko muzima. Inafika mwaka mbili sijamuwaza."

Alisema uongo, na mara hiyo aliliona hilo mwenyewe. Alikuwa amemuwaza kila siku, akajichapa kila siku. Akajifunika uso kwa kitambaa chake cha kichwa, akalia kilio cha mtu mzima, na dereva akajifanya anaangalia vioo. Dévote alimwacha alie. Hakumwambia anyamaze, wala hakugeuka pembeni. Alikaa naye.

Kilio kilipotulia, Dévote aliongea tena, kwa sauti ya chini ili dereva asisikie.

"Madamu, nilikuwa nanyonyesha wote wawili. Kila mtoto na titi lake. La kushoto la Butoyi, la kulia la Bukuru. Tulipotengana nilitaka kumupa Butoyi yote mawili, akakataa la kulia. Alijua si lake. Lilijaa, likauma, nikakamulia udongoni njia yote mpaka Tanzania."

"Na sasa?" aliuliza Sabine. "Limeshakauka?"

"Limekauka zamani," alisema Dévote. "Lakini lori ikipiga honi, linauma. Hizo Jumanne kumi na moja, Madamu, nilikuwa nalishika kwa mikono."

Sabine alimkumbuka ameketi, mikono kifuani, ametulia, na yeye mwenyewe akimpelekea vifungo. Alimchukua Butoyi, aliyekuwa amesinzia, akampakata hadi Dzaleka.

Kesho yake alimwendea fundi Gélase. "Kwa nini hukuniambia, baba?" alimuuliza. Mzee alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Nilizania unajua, Madamu," alisema. "Uliandika jina yake kila siku." Sabine hakumlaumu. Mfumo wa vifungo uliendelea, kwa kuwa sabuni bado ilihitajika na kuwahi darasani si kosa, lakini masomo ya Jumanne yakahamishiwa Ijumaa. Ripoti aliiandika upya, kurasa mbili tu, na mahali alipokuwa amesema mhusika amepona aliandika kwamba mhusika anangoja.

Olga alikwenda Area 47, akarudi na cherehani yake na maneno maradufu. Mwaka ukaisha. Barua iliyotumwa Tanzania haijajibiwa hadi leo ninapoyaandika haya, na Bukuru hajashuka. Kila Jumanne adhuhuri wanawake wawili husimama getini, mmoja Mrundi na mmoja wa Bukavu, mtoto kati yao. Mgeni anayewaona huwadhania majirani waliokuja kununua mandasi, maana wanacheka, wamevaa safi, na hawana dalili yoyote ya maradhi. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliodhani hivyo, mpaka siku honi ilipolia nikawaona wote wawili wakikatisha kicheko kwa pamoja na kuinua nyuso. Tangu siku hiyo sijathubutu kumpima mtu kwa utulivu wake. Mwenye kovu usidhani kapoa.